"Fundi, umenipiga": kwa nini kamera zangu za Kirusi ni ghali kuliko za mtandaoni

Wiki iliyopita kijana mmoja aliibwaga Zorki-4, kamera ya zamani ya mkanda wa picha, juu ya kaunta yangu na kuniambia mbele ya wateja wawili, "Fundi, umenipiga." Kitasa cha kuvutia mkanda kilikuwa kimekwama katikati na shata, ile pazia ya kupitisha mwanga, haishuki. Kamera hiyo niliifungua mwenyewe, nikaisafisha, nikaipigia mkanda mzima kabla ya kumkabidhi. Kwa hiyo sikubishana naye, nilimwuliza kitu kimoja tu: "Spidi ulibadilisha kabla ya kukoki au baada?"

Akanyamaza kidogo. "Kwani kuna tofauti?"

Tofauti ipo, na nilimwambia siku anainunua, ila siku hiyo alikuwa anaichungulia kamera kuliko kunisikiliza mimi. Kwenye Zorki na ndugu yake FED, gurudumu la spidi, yaani la kuchagua shata ikae wazi kwa muda gani, huzunguka lenyewe unapokoki (unapovuta mkanda kuiandaa kamera kwa picha), na huzunguka tena shata inapokimbia. Kamera ikiwa haijakokiwa, namba unayoiona pale juu si ya kweli. Ukilinyanyua gurudumu na kulilazimisha kwenye namba uitakayo, pini yake inakaa pasipo pake. Zorki-4 ina mashine ya pili ndani, ya spidi za polepole mpaka sekunde nzima, na hiyo ndiyo inayoumia. Koki kwanza, halafu badilisha spidi, halafu piga. Nimeshasema hivyo mpaka mke wangu analijua hilo bila kuwahi kuishika kamera.

Malalamiko ya pili, ambayo kwa kweli ndiyo ya kwanza kwa wingi, ni bei. "Mtandaoni nimeiona FED-2 kwa nusu ya bei yako, wewe unaweka dhahabu ndani?" Siweki dhahabu. Ninatoa uchafu wa miaka sitini. Muuzaji wa mtandaoni akiandika "inafanya kazi" huwa ana maana moja: amebonyeza, ikalia. Shata kulia si ushahidi wa kitu. Pazia mbili za kitambaa chenye mpira zinatakiwa zikimbizane zikiacha mwanya uleule kutoka mwanzo wa picha hadi mwisho. Grisi ikishakauka, pazia moja inachoka njiani, na kwenye spidi ya 1/500 ya sekunde unapata picha ambayo upande mmoja una mwanga na upande mwingine giza, kama dirisha lililofungwa nusu. Hilo hutaliona kwenye picha za tangazo. Utaliona baada ya kulipia mkanda, kulipia kusafisha, na kungoja.

Wateja huziita zote "za Kirusi", nami nimewaachia maana ndivyo wanavyotafuta, lakini FED ni ya Kharkiv na Kiev ni ya Kyiv, na miji yote miwili iko Ukraine. Ya Urusi kati ya hizi ni Zorki, iliyotoka Krasnogorsk, karibu na Moscow. FED ina kisa kinachonifanya niishike kwa adabu: ilianza kutengenezwa 1934 na vijana wa komuni ya Dzerzhinsky, makazi ya malezi na kazi, wengi wao yatima na watoto wa mitaani waliokusanywa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, chini ya mwalimu Anton Makarenko. Kabla ya kamera walitengeneza drili za umeme. Jina lenyewe ni herufi za mwanzo za Feliks Edmundovich Dzerzhinsky, mwanzilishi wa polisi wa siri wa Kisovieti. Waliichukua kamera ya Leica II ya Mjerumani, wakainakili. Zorki ilikuja 1948 kutokana na FED hiyohiyo. Kiev ni ukoo mwingine kabisa: baada ya vita vya pili Wasovieti walichukua mitambo ya kutengenezea kamera za Contax kutoka Ujerumani wakaipeleka kiwanda cha Arsenal huko Kyiv.

Hizi zote ni kamera za renjifainda. Huchungulii kupitia lenzi, unachungulia kidirisha cha pembeni, na katikati yake unaona kivuli cha pili cha kitu kilekile. Unazungusha lenzi mpaka vivuli viwili viwe kimoja. Ndiyo maana mtu anaweza kupiga mkanda mzima akiwa amesahau kifuniko cha lenzi na asijue. Nimekutana nao, na mmoja wao ni mimi.

Sasa, ya kutembea nayo kila siku ni ipi? Mimi nasema FED-2, na sisemi kwa sababu ninazo nyingi kabatini. Ilitengenezwa kuanzia 1955 mpaka mwaka 1970 hivi, mgongo wake unatoka wote kwa hiyo kuweka mkanda si shida, na madirisha yake mawili yameachana milimita 67, umbali mkubwa unaofanya ulengaji wake uwe makini kuliko ndugu zake wengi. Haina spidi za polepole, kwa hiyo kuna kitu kimoja pungufu cha kuharibu. Haina mita ya mwanga, na hilo nalihesabu kuwa sifa. Mita za FED-5 au Kiev-4 ni za seleniamu, hazitumii betri, na nyingi zimezeeka pamoja na kamera. Mita iliyokufa kabisa haina madhara. Inayokudanganya ndiyo mbaya. Kwa jua la Dar saa sita mchana huhitaji mita: mkanda wa ISO 200 (namba ya wepesi wake kwa mwanga, imeandikwa kwenye boksi), tundu la lenzi kwenye 16, spidi 1/250. Likiingia wingu fungua tundu, ukiingia kivulini fungua zaidi.

Zorki-4 ni nzuri kwa mtu mwenye subira, na ikija na lenzi ya Jupiter-8 picha zake za sura za watu zina ulaini ambao simu haijui. Zorki-4K ya miaka ya 1970 ina mkono wa kuvutia badala ya kitasa, vidole vinashukuru. Zorki ya kwanza na FED ya kwanza mkanda unaingilia chini, na lazima uchonge ulimi wake kwa mkasi uwe mrefu zaidi kabla ya kuuingiza. Usipokata, kipande kinakatikia ndani. Hizo ni za kuweka sebuleni. Kiev naiheshimu, shata yake ni ya vibati vya chuma na jua haliiunguzi, ila mshiko wake unataka mazoea, kwani kidole cha mkono wa kulia kinakwenda chenyewe kuziba dirisha la renjifainda. Vilevile nikiifungua Kiev nalipisha zaidi, na sitaki mtu aniulize kwa nini. Vibati hivyo vinashikiliwa na tepe mbili za hariri, na kuzifunga upya kunanichukua siku nzima na macho yangu yote mawili.

Jua nimelitaja, nieleze. FED au Zorki ikiachwa kwenye dashibodi bila kifuniko, lenzi ikitazama juu, inafanya ile kazi tuliyocheza utotoni na kioo cha kuchomea karatasi. Inatoboa pazia. Tundu dogo kama la sindano, na kila picha inatoka na nukta nyeupe. Dada mmoja aliziba matundu yake kwa rangi ya kucha nyeusi, akanitumia picha ya kazi yake akiwa na furaha. Rangi ya kucha ikikauka inakuwa gamba. Pazia ikashindwa kujikunja kwenye roda yake, ikapasuka. Tundu mbili tatu naziba kwa shilingi 40,000, kwa rangi inayobaki laini kama kitambaa chenyewe. Pazia mpya zote mbili ni 220,000, na ndizo alizolipia.

Lakini mfalme wa njia za mkato ni mafuta ya cherehani. Mwalimu mmoja wa Morogoro alirithi FED-2 ya baba yake, aliyerudi nayo kutoka masomoni Moscow. Spidi zilikuwa zimekuwa nzito. Akadondosha mafuta kwenye kitufe cha shata, matone matano, "ili yashuke yenyewe." Yalishuka kweli, mpaka kwenye pazia, mpira ukaanza kunata, kisha yakapanda kwenye vioo vya renjifainda. Siku ya kwanza kamera ilikimbia kama mpya, ndiyo maana watu huamini dawa hii. Baada ya miezi miwili haikuwa inafunguka. Huduma kamili kwangu ni 150,000: nafungua, naosha grisi ya zamani, napaka mpya kidogo mno mahali panapotakiwa tu, napanga pazia, nalinganisha renjifainda, napiga mkanda wa majaribio. Yeye aliishia 310,000, na bado alikuwa mstaarabu, aliniletea na mchele wa Ifakara.

Mchele niseme neno. Wa kula, asante sana. Wa kufukia kamera iliyopata unyevu, hapana. Vumbi lake linaingia kwenye uzi wa lenzi na mimi ndiye ninayelichokoa. Huku pwani adui ni kuvu, na nyumba yake ni ule mkoba wa ngozi uliokuja na kamera, ambao kila mtu anaupenda. Ngozi inashika unyevu. Itoe kamera humo, iweke kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Ukinunua kwa mtu, ielekeze lenzi kwenye taa uchungulie upande wa nyuma: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na ikiwa imeshakula rangi ya juu ya kioo, kusafisha hakurudishi kilicholiwa.

Kabla hujatoa pesa kwa yeyote, mimi nikiwemo, elekeza kamera kwenye mnara wa simu ulio mbali, lenzi ikiwa kwenye alama ya mwisho kabisa. Vivuli viwili viwe kimoja. Halafu pima mita moja kwa tepu, jaribu tena. Ukiona kila kitu kina ukungu, usikimbilie kusema mbovu. Chini ya kitasa cha kurudishia mkanda, kwenye FED-2 na Zorki-4, kuna mkono mdogo wa kurekebisha kwa macho yako. Mzee mmoja alikuja kutoka Tanga kwa basi kwa ajili ya huo mkono. Niliusogeza kwa kidole, sikumlipisha, tukanywa chai.

Na mkanda ukiisha, ukishaurudisha ndani, angalia kile kijiti kilichobaki upande wa pili. Kwenye FED-2 na Zorki-4 hutoka chote. Si takataka. Nina orodha ya watu watatu wanaosubiri kijiti kwa sababu walikitupa pamoja na boksi la mkanda.

Nirudi kwa kijana wa Zorki. Pini ilikuwa imepinda, na gia moja ya spidi za polepole imepoteza jino. Nilitoa nyingine kwenye Zorki mbovu ninayoiweka kwa spea. Dhamana yangu ya miezi sita haiingii kwenye kulazimishwa, kwa hiyo nilimlipisha gia, kazi nikamwachia. Jana alikuja kuichukua. Sikumpa mpaka alipokoki, kubadilisha spidi na kupiga mara kumi mbele yangu huku akihesabu kwa sauti. Mara ya saba akashika gurudumu kwanza. Tukaanza upya kutoka moja.