Mjomba, uliuliza Burma inanihusu nini

Mjomba, shikamoo.

Siku ya hitima ya babu, sahani zilipokwisha kuondolewa na wageni wamebaki wachache barazani, uliona wino kwenye kiganja changu ukadhani ni hina iliyoharibika. Nikakwambia ni jina la mfungwa wa Burma. Ukacheka, kisha ukauliza mbele za watu: "Burma inakuhusu nini wewe? Wafungwa wa kwetu wamekwisha?" Nilinyamaza kwa sababu wewe ni mkubwa wangu na siku ile ilikuwa ya babu. Lakini uliuliza hadharani, basi nakujibu hadharani, na kama kuna neno litakalokukera nisamehe mapema.

Nianze na babu mwenyewe. Ile nishani yake ya nyota tuliichezea mpaka utepe ukaisha. Yeye hakusema Burma, alisema Bama, na hakuwa mtu wa hadithi nyingi. Ila mvua kubwa ikinyesha alikuwa akitoka nje ya mlango, anaitazama, anasema: "Hii si mvua." Nimekuja kuelewa ukubwani. Mwaka 1944 askari wa keya, yaani Waafrika wa jeshi la Waingereza, wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki waliwafukuza Wajapani katika Bonde la Kabaw msimu wa mvua wote, matope hadi magotini na ruba miguuni, mpaka wakaingia Kalewa mwezi wa Desemba. Taukkyan, nje ya Yangon, kuna makaburi ya vita na nguzo zilizochongwa majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana. Wa kwetu wamo. Kwa hiyo Burma ilituhusu kabla mimi sijazaliwa, ingawa hakuna aliyemuuliza babu kama anataka imhusu.

Sasa ya leo, nchi hiyo ikiitwa Myanmar. Alfajiri ya tarehe 1 Februari 2021, siku ambayo bunge jipya lilikuwa likutane, jeshi la Jenerali Min Aung Hlaing lilimkamata Aung San Suu Kyi, kiongozi wa serikali ya kiraia, na wenzake walioshinda uchaguzi wa Novemba. Shtaka mojawapo la kwanza lilikuwa kuingiza nchini simu za upepo kinyume cha sheria. Simu za upepo, mjomba! Wiki chache baadaye wakaongeza kifungu 505A kwenye sheria ya jinai: ukisema lolote la "kutia watu hofu", miaka hadi mitatu. Walimu na wauguzi waliogoma wakaangukia humo. Chama cha kusaidia wafungwa wa kisiasa, AAPP, kilichoanzishwa mwaka 2000 na wafungwa wa zamani waliokimbilia Mae Sot, Thailand, huwahesabu mmoja mmoja kwa majina. Kufikia 2024 waliokuwa bado ndani walizidi 20,000.

Nikuambie habari ya mzee mmoja, U Win Tin, mwandishi wa habari. Alifungwa mwaka 1989, akatoka 2008. Miaka 19. Kalamu na karatasi vilikuwa marufuku, basi alikuwa akisaga tofali la ukuta, analichanganya na maji, anapata wino. Siku ya kuachiwa akakataa kurudisha shati la buluu la gerezani, na tangu siku hiyo akavaa mashati ya buluu tu, akisema hatavaa rangi nyingine mpaka mfungwa wa mwisho wa kisiasa atoke. Alikufa Aprili 2014 akiwa bado na buluu yake. Wenzake waliotoka jela walipigwa picha wameinua kiganja cha kulia, na kiganjani jina la aliyebaki ndani. Ndiyo hina uliyoiona.

Najua kilicho nyuma ya kicheko chako, maana ulikisema jioni ile kwa sauti ya chini: yule mama, Suu Kyi, aliwaacha Waislamu wa Rohingya. Ni kweli, na sitakuzunguka. Mwaka 2017 watu zaidi ya 700,000 walikimbilia Bangladesh vijiji vyao vikiungua, na Desemba 2019 yeye mwenyewe alisimama mahakamani The Hague akilitetea jeshi hilohilo ambalo mwaka mmoja na kidogo baadaye lilimtia ndani. Waandishi wawili wa Reuters waliofichua mauaji ya Warohingya walikaa gerezani zaidi ya siku 500 chini ya serikali yake. Mimi bado sijamsamehe kwa hilo. Lakini kadi ninazoandika kudai wafungwa waachiwe si za kumtukuza, na hata yeye, kama ana la kujibu, ajibu mbele ya mahakama ya kweli, si mbele ya majenerali waliochoma vijiji vile. Na wale elfu ishirini wengine walimkosea nani?

Utaniuliza kama kadi zinafungua mlango. Wakati mwingine. Januari 2012, baada ya miaka ya kelele na vikwazo, waliachiwa mamia kwa mpigo, naye Ko Jimmy wa kizazi cha maandamano ya 1988 ya kudai demokrasia akiwamo. Julai 2022 wakamnyonga, yeye na wenzake watatu, na familia hazikupewa hata maiti. Habari ile niliisikia nikiwa kwenye matatu, nikapitiliza kituo changu. Kila Januari, siku ya uhuru wao, jeshi hutangaza msamaha: mwaka 2024 zaidi ya watu 9,000, na wa kisiasa humo ni wa kuhesabu. Anayetoka hutoka na deni, kwa kuwa akikamatwa tena atamalizia kifungo cha zamani pamoja na kipya.

Lakini wewe, mjomba, si wa kuuliza swali hili. Mama amenisimulia mara ngapi vile ulivyokuwa ukipeleka maji Uhuru Park mwaka 1992, kwa wale kina mama waliogoma kula wakidai wana wao waliofungwa kisiasa, kabla polisi hawajawapiga na wao kuhamia kanisa la All Saints. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ndugu yako. Hawakuwa hata wa pwani. Walikaa pale karibu mwaka, wana wakatoka.

Kadi zetu haziendi gerezani, huko hazifiki. Tunakutana Jumamosi baada ya alasiri, watu sita, tunaandikia balozi za Indonesia na Thailand pale Nairobi, kwa sababu nchi za ASEAN, jumuiya ya Kusini-Mashariki mwa Asia, zilipokubaliana mambo matano na jenerali huko Jakarta, Aprili 2021, kuachiwa kwa wafungwa hakukuwamo. Tunaandikia pia wizara yetu ya mambo ya nje. Desemba 2022 Kenya ilikuwa kwenye Baraza la Usalama na ilipiga kura ya ndiyo kwa azimio la kutaka waachiwe. Tunaikumbusha kura yake.

Jumamosi hii nimekuwekea kadi moja. Ujumbe nimeuandika, jina la mfungwa nimelitia kwa penseli. Njoo na miwani yako ulipitishie wino.