Betri za kuunda nyumbani zibanwe ipasavyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze mafundi wenzangu wa sola hapa Mtwara jambo linaloniumiza. Seli bapa za lithiamu, zile za volti 3.2 kila moja tunazoziunganisha kuwa betri, hutanuka kidogo zinapochajiwa na kunywea zinapotumika, na zikipangwa bila kubanwa hutuna tumbo mapema na kuvuta vipande vya shaba vinavyoziunganisha. Mwaka jana nilifungua boksi la mteja Mikindani nikakuta seli ya pili imevimba kama mkate wa kumimina, na nati yake imebadilika rangi kwa joto.

Kuzibana zinatosha mbao mbili ngumu, moja kila mwisho wa safu ya seli, vyuma vinne vyenye hesi vya kukaza mbao hizo kwa nati, na springi za kuziachia seli nafasi ya kupumua, kwa kuwa kukaza kupita kiasi nako huziumiza. Kati ya seli na seli pawekwe plastiki ngumu isiyopitisha umeme, maana magamba ya seli ni ya aluminiamu, nayo hupitisha umeme. Tena huku pwani chumvi hula chuma upesi, hivyo nawasihi wenzangu wanunue visivyoshika kutu, ingawa bei yake ni kubwa.

Fundi wa umeme wa jua,
Mtwara