Pikipiki za wazee wetu zisiuzwe kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba pikipiki za zamani zilizolala nyuma ya nyumba zetu zipelekwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa kuwa hazitengenezeki tena. Mimi ni mwalimu wa fizikia, naishi Butimba hapa Mwanza, na pikipiki ya namna hiyo ndiyo inayonipeleka kazini kila siku. Ni Honda CG125 ya volti 6, ya platini (kile kifaa kinachokata na kuunga umeme ili plagi itoe cheche), ambayo baba yangu aliitumia kuzungukia mashamba ya pamba kule Kwimba alipokuwa bwana shamba. Ililala miaka mingi chini ya bati, kuku wakitaga kwenye kiti chake.

Mafundi waliokuja kuitazama walisema injini imekufa. Haikuwa imekufa. Na hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na msomaji yule: nyingi ya pikipiki hizi zinahukumiwa kwa kosa la nyaya, halafu adhabu inatolewa kwa chombo kizima.

Tulipofungua tangi tulikuta wayaringi ya asili imekatwakatwa. Gereji fulani, siku zilizopita, iliunga kila kitu kwa waya mwekundu wa nyumba, ule wa uzi mmoja mnene. Waya ule ni mzuri ukutani kwa sababu ukuta hautetemeki. Kwenye pikipiki unatikiswa mchana kutwa mpaka unavunjika ndani ya plastiki yake, na kwa nje huoni kitu. Mahali pa fyuzi palikuwa na karatasi ya sigara iliyokunjwa, ile ya ndani ya pakiti inayong'aa na kupitisha umeme. Chombo chenye petroli juu na umeme usio na kinga chini yake! Hilo liliniudhi, na bado linaniudhi.

Baba haendeshi tena, lakini alikuwa amekaa pembeni akitushikia tochi, mimi na mpwa wangu. Akaniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, akasema, "Mayu, hiyo ilianza kwa kuzima nikikata kushoto tu. Kulia haikuwa na shida." Maneno hayo yalitupeleka moja kwa moja kwenye shingo ya fremu, pale nyaya zinapopita kwenda kwenye taa kubwa. Kulikuwa na waya mweusi wenye mstari mweupe, umechubuka kiasi cha upana wa kucha, shaba yake imeota ukungu wa kijani. Usukani ukigeuzwa kushoto fungu la nyaya linavutika, shaba inagusa fremu, basi.

Kwenye pikipiki hii umeme wa plagi hautoki kwenye betri. Unazalishwa na magneto, jenereta ndogo inayozungushwa na injini yenyewe, na unapozima injini kwa ufunguo, swichi haikati umeme huo. Inaupeleka kwenye fremu kupitia waya ule mweusi wenye mstari mweupe. Kwa hiyo waya huo ukigusa chuma mahali popote, pikipiki inaamini umeizima. Unaweza kupiga kiki mpaka jioni, ukabadilisha plagi, koili na kondensa, ukamlipa fundi kwa kila kimoja, na tatizo likabaki palepale. Tulipouchomoa waya ule na kupiga kiki, plagi ilitoa cheche ya bluu.

Hatukuunga tena juu ya viungo vya watu. Tulichukua ubao, tukaulaza mkia mzima wa nyaya za zamani juu yake, tukapigilia misumari kila palipokuwa na tawi, kisha tukatandika nyaya mpya kwa kufuata misumari. Nyaya za nyuzi nyingi nyembamba zinapatikana mjini kwenye maduka ya vipuri vya magari. Tulizivika bomba laini la plastiki badala ya kuzizungushia tepu, maana kwa jua la Mwanza gundi ya tepu inayeyuka, inageuka ulimbo unaonasa vumbi. Pale wayaringi inapofungwa kwenye fremu tulikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, tukakaza nati, tukapaka mafuta ya mgando.

Nawaomba mafundi wetu waheshimu rangi za nyaya. Honda ina utaratibu wake: kijani unakwenda kwenye fremu, mwekundu unatoka betri, mweusi unabeba umeme baada ya ufunguo kuwashwa, rangi ya chungwa ni indiketa ya kushoto na bluu ya maji ni ya kulia. Kwenye Yamaha mweusi ndio wa fremu. Aliyezoea Yamaha akiukuta mweusi wa Honda anaufunga kwenye chuma bila wasiwasi, anawasha ufunguo, fyuzi inaungua papo hapo. Ndipo inapoletwa karatasi ya sigara. Na akishaweka waya mwekundu kila mahali, fundi anayemfuata hana pa kuanzia.

Watu pia wanasema volti 6 ni dhaifu, taa zake kama mshumaa. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanaweza kulijibu hilo kwa hesabu. Balbu ya breki ya wati 18 inavuta ampea 3 kwenye volti 6, wakati kwenye volti 12 ingevuta ampea 1.5. Kiungo kilichosokotwa kwa vidole kikiwa na ukinzani wa nusu omu, kinameza zaidi ya volti moja kati ya zile sita. Karibu sehemu ya tano ya umeme inaishia kwenye fundo la waya! Viungo vikiwa safi, vimebanwa na kulehemiwa vizuri, taa ya breki ya pikipiki ya baba inaonekana mchana wa jua kali.

Kuhusu vipuri, Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama yetu, baada ya kuona jinsi pikipiki zinavyobebeshwa mizigo na kukaa muda mrefu bila kubadilishwa oili. Valvu zake zinasukumwa kwa fimbo badala ya mnyororo, na mnyororo wa tairi umefunikwa usiingie vumbi. Injini za pikipiki nyingi za Kichina zinazofanya bodaboda leo zimeigwa kutoka kwake, kwa hiyo vya ndani nilivyohitaji, pete za pistoni na sahani za klachi, nilivipata kwenye maduka yaleyale wanakonunua vijana wa bodaboda za Kichina za SanLG. Platini ndiyo iliyonitafutisha zaidi.

Mji huu uliishuhudia MV Victoria, meli ya mwaka 1961, ikikarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020. Hakuna aliyesema ikatwe ipimwe kwenye mzani. Nyuma ya nyumba za walimu, makatekista, wakunga na mabwana shamba, kuanzia Magu hadi Sengerema, zipo pikipiki zilizobeba chanjo, mitihani na mbegu. Kabla hujaita mnunuzi wa skrepa, tafuta kwanza kadi ya pikipiki, na umwite mtu anayejua kupima waya kwa balbu na betri. Na vyuo vyetu vya ufundi vimfundishe kijana kusoma mchoro wa umeme kabla hajapewa koleo la kukatia.

Mimi kwa sasa natafuta swichi ya mkono wa kushoto ya CG125 ya volti 6, ile yenye honi, indiketa na kubadilisha taa pamoja, hata kama mfuniko umevunjika. Kama kuna familia yenye pikipiki ya aina hiyo, isiivunje kwa ajili yangu. Waniandikie kupitia gazeti hili, nitakuja na mchoro na ubao wangu wa misumari, tuanze na ya kwao.

Mwalimu wa Fizikia,
Butimba, Mwanza.