Asidi ya foliki isisubiri kliniki

Ndugu Mhariri,

Magazeti yetu huandika vizuri habari za watoto waliozaliwa na mgongo wazi au vichwa vikubwa, hasa wanapofanyiwa upasuaji pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) au madaktari bingwa wanapoweka kambi mikoani. Tunasoma, tunachanga, tunashukuru. Kinachokosekana karibu kila mara ni lini tatizo lenyewe lilianza. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia wa sekondari, na naomba nafasi nieleze jambo hilo, maana ukishalijua unaona wazi kwamba tunagawa dawa sahihi, yaani asidi ya foliki, kwa wakati usio wake.

Wiki ya tatu baada ya mimba kutungwa, kiinitete ni kibamba cha seli ambacho hata rula ya mwanafunzi ingepata taabu kukipima. Kando zake mbili huinuka na kuelekeana kama kingo za mkeka unaokunjwa, zikashikana na kufanya mrija. Kushikana huko huanzia sehemu itakayokuwa shingo, kukaendelea juu na chini. Juu panakuwa ubongo, chini uti wa mgongo. Tundu la chini ndilo la mwisho kuziba, mnamo siku ya 28. Lisipoziba, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi kichwa kikubwa hufuatia, ingawa kichwa kikubwa kina sababu nyingine pia. Tundu la juu lisipoziba, fuvu na sehemu kubwa ya ubongo havijengeki, na mtoto huyo haishi.

Sasa tupige hesabu. Mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 28 hukosa siku zake wiki mbili hivi baada ya mimba kutungwa. Kwa hiyo mrija unapomaliza kuziba, mama amechelewa wiki mbili tu, na huenda bado anadhani ni malaria au uchovu wa kulima. Wengi huanza kliniki mwezi wa nne au wa tano, ndipo wanapopewa FEFO, vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Vidonge hivyo vinasaidia damu ya mama na viendelee kutolewa. Kwa mgongo wa mtoto, vimechelewa miezi.

Wanafunzi wangu huelewa jambo hili haraka kwenye yai kuliko ubaoni. Tunatumia mayai ya kienyeji yaliyoatamiwa siku tatu (ya dukani hayafai, kuku wake hawajamwona jogoo). Ukivunja taratibu kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, juu ya kiini unaona utando wa mishipa myekundu na katikati kitone kinachodunda. Hapo mrija ninaousema umeshafungwa kwa sehemu kubwa. Siku tatu! Samaki, chura, kuku na binadamu wote huunda mrija huo mgongoni kwa namna zinazokaribiana, kwa kuwa tumeurithi kwa babu mmoja wa zamani mno. Ni urithi wa kale, na bado unategemea kitu kidogo kama foleti, vitamini ambayo asidi ya foliki ni aina yake ya kutengenezwa, na ambayo seli zinazogawanyika kwa kasi huihitaji ili kutengeneza DNA.

Hata rangi yetu huenda inahusika. Mwaka 2000 watafiti Nina Jablonski na George Chaplin walitoa hoja kwamba ngozi nyeusi ilidumu karibu na ikweta kwa sababu, pamoja na mengine, inaikinga foleti ya mwilini isiharibiwe na mionzi ya jua. Ni dhana, nayo ina wapinzani. Lakini hata ikiwa kweli, ngozi hulinda foleti iliyopo tu. Haiongezi iliyokosekana kwenye sahani.

Ushahidi wa kidonge chenyewe ni wa mwaka 1991. Utafiti ulioongozwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza katika vituo 33 vya nchi 7 uliwachukua wanawake ambao walishawahi kupata mimba yenye tatizo hili. Miongoni mwa waliopewa asidi ya foliki tangu kabla ya kushika mimba, mimba 6 zilipata tatizo. Miongoni mwa wasiopewa, 21. Kinga ya asilimia 72. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu jibu lilikuwa limeshapatikana. Kabla haujaanza kulikuwa na ugomvi mkubwa wa kimaadili: wapo waliosema ni dhambi kuwanyima baadhi ya akina mama kidonge kinachoelekea kusaidia, na wapo waliosema bila kulinganisha tutabaki tunabahatisha. Naona waliosisitiza kulinganisha walikuwa sahihi wakati ule. Ila tangu 1991 anayemnyima mama kidonge hicho hana tena kisingizio cha utafiti.

Nchi zilizofanya hesabu ya siku 28 ziliacha kutegemea kliniki, zikageukia unga na kuutia asidi ya foliki kiwandani. Marekani ilianza 1998. Afrika Kusini 2003, kwenye unga wa ngano na wa mahindi pia, na visa vikapungua kwa takriban asilimia 30. Uingereza, iliyoongoza utafiti wenyewe, ilibishana mpaka 2024 ndipo ikapitisha kanuni. Sisi Tanzania tulikuwa na kanuni tangu 2011, na kwa hilo tujipongeze. Tatizo ni kwamba zililenga viwanda vikubwa, wakati ugali wa nyumba nyingi vijijini unatoka kwenye mashine ya mtaani. Unapeleka debe lako, linakobolewa, linasagwa, unalipa, unarudi na sembe nyeupe isiyo na pumba wala kirutubishi cha kuongezwa. Vipo vifaa vidogo vinavyofungwa kwenye mashine kama hizo na kudondosha virutubishi kwa kipimo unga unapotoka, na baadhi ya wasagaji nchini wanavyo tayari. Kwa nini halmashauri isivihesabu pale inapotoa leseni?

Najua nitajibiwa kwamba si haki kuwalisha watu wote kitu kwa ajili ya wachache. Chumvi yetu ina madini joto kwa hoja hiyohiyo, na sijasikia mtu akidai arudishiwe rovu. Wengine watasema tule mchicha, maharage na maini. Tule, kwa kweli. Ila foleti huyeyuka kwenye maji na huharibika kwa moto, na mchicha wetu tunauchemsha mpaka usalimu amri, kisha maji tunamwaga. Kufikisha mikrogramu 400 kwa siku kwa namna hiyo ni kazi. Na mimba nyingi hazipangwi, hivyo hata ushauri mzuri wa «anza kumeza mapema» huwapita wengi.

Kwa wanaopanga, hata hivyo, nafasi zipo. Kicheni pati zetu hutoa masufuria, majiko ya gesi na mafundisho ya usiku kucha. Makungwi wanajua mambo mengi kuliko mimi, lakini sijasikia somo akimwambia mwali ameze asidi ya foliki mwezi mmoja kabla ya kutafuta mtoto. Mafundisho ya ndoa kanisani na msikitini vilevile. Mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, au anayetumia dawa ya kifafa aina ya valproeti, amwone daktari kabla ya mimba nyingine. Wa kwanza huhitaji kipimo kikubwa zaidi cha asidi ya foliki, na wa pili asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Kidonge hakizuii kila kisa, kwani nasaba na kisukari vina mchango wao. Nalisema hili kwa ajili ya mama atakayefuata masharti yote na bado akajifungua mtoto mwenye tatizo. Huyo asinyooshewe kidole. Tayari tunao akina mama walioachwa na waume zao kwa sababu ukoo umetaja laana au mkono wa mtu.

Nilimuuliza msagaji wa jirani kama angekubali kufunga kifaa hicho. Alisema hana shida, mradi ajue virutubishi vikiisha nani atanunua vingine, kwa sababu wateja wake wakiongezewa hata shilingi 20 kwa kilo watahamia mashine ya ng'ambo ya barabara. Naomba Wizara ya Afya na TAMISEMI wamjibu kupitia ukurasa huu.

Mwalimu wa Baiolojia,
Iringa