Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Huduma kwa Maskini Parokiani

Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu wanachama, kazi iliyotuchukulia muda mwingi mwaka huu ni ile tuliyoazimia katika mkutano mkuu uliopita: kuacha kuwapanga maskini foleni nje ya kanisa baada ya Misa, na badala yake kuwafuata majumbani mwao, wawili wawili, tukiongozwa na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, yaani vikundi vya waamini walio majirani. Ndivyo walivyofanya Mwenye Heri Frédéric Ozanam na wanafunzi wenzake jijini Paris mwaka 1833, wakielekezwa na Sista Rosalie Rendu, aliyewahudumia maskini wa mtaa wa Mouffetard.

Bibi mmoja anayelea wajukuu alituambia kwamba unga anaupata kwa jasho lake, ila kinachomnyima usingizi ni kukosa kadi ya CHF (bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii), kwa kuwa kila mtoto anapougua hulazimika kuuza kuku. Tulimlipia kadi. Papa Pio XI aliandika mwaka 1931 kwamba ni dhuluma jumuiya kubwa kuinyang'anya iliyo ndogo kazi ambayo hiyo ndogo inaiweza. Kanuni hiyo ya auni hutajwa zaidi tunapozungumzia serikali, lakini kwa maoni yangu inatugusa sisi pia, maana kamati ya misaada haina haki ya kuiamulia familia mahitaji yake.

Liko jambo lingine, zito zaidi. Katika nyumba kadhaa tumewakuta watu wanaofanya kazi kutwa, vibarua wa ujenzi na dada wa kazi za ndani, ambao ufukara wao unatokana na mshahara mdogo au unaocheleweshwa. Papa Leo XIII alipotetea ujira wa haki mwaka 1891 alirejea Waraka wa Yakobo, unaosema kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele mbele za Bwana. Sadaka haiwezi kuziba pengo la haki, na haifai mwanachama wetu atoe mfuko wa unga Jumapili ilhali kibarua wake anamdai.



Kwa hiyo naomba mkutano huu upitishe azimio kwamba kila mwanachama aliyeajiri mtu amlipe kikamilifu na kwa wakati, na awe amemaliza madeni yote ya mishahara kabla ya Siku ya Maskini Duniani, Dominika ya 33 ya Mwaka katika kalenda ya Kanisa.