Taa inayowaka yenyewe: pimeni swichi kabla ya kununua balbu nyingine

Mhariri,

Tangu nyumba nyingi za Dar es Salaam zihame kutoka globu za waya kwenda balbu za LED, malalamiko ya taa kuwaka zenyewe yamekuwa mengi. Mtu amezima swichi na kupanda kitandani, kisha anaona balbu imebaki na mwanga hafifu, au inamweka, yaani inawaka na kuzimika ghafla, kila baada ya sekunde kadhaa, au sebule nzima inawaka saa nane usiku hali kila mtu amelala. Mtaani atapewa majibu matatu: balbu ni feki, umeme wa TANESCO una matatizo, au nyumba ina majini. Mara nyingi hakuna hata moja lililo kweli. Lile la kwanza ndilo linalomaliza pesa za watu, kwani wanarudi Kariakoo kununua balbu ya bei kubwa zaidi na hiyo nayo inafanya yaleyale.

Tuanze na mwanga hafifu. Globu ya zamani ya wati 60, kwenye umeme wetu wa volti 230, hutumia karibu miliampea 260. Ukiipitishia miliampea moja haionyeshi dalili yoyote. Balbu ya LED huanza kung'aa gizani kwa umeme usiofika hata miliampea moja. Kwa hiyo umeme mdogo uliokuwa ukipita ndani ya kuta miaka yote bila mtu kuujua, leo unaonekana kwa macho.

Chanzo chake kikubwa, na ndicho hasa kilichotufanya tuandike barua hii, ni swichi iliyofungwa kwenye nyutro (waya unaorudisha umeme) badala ya laivu (waya unaoleta umeme). Swichi ya taa inatakiwa ikate laivu: waya mwekundu katika nyumba za zamani, wa kahawia katika waya za sasa. Fundi akichanganya maungio juu ya siling bodi, akapitisha nyutro kwenye swichi, taa itawaka na kuzimika vizuri tu. Mwenye nyumba atalipa na hakuna atakayegundua. Lakini swichi ikizimwa, laivu imebaki pale pale kwenye holda. Upande mmoja wa balbu una volti 230. Upande wa pili una waya mrefu uliolala ndani ya ukuta wenye unyevu, kando ya waya wa ethi (waya wa ardhini), na kupitia huko umeme kidogo unapata njia ya kwenda ardhini. Kapasita iliyo ndani ya balbu, kijisehemu kinachohifadhi umeme, inajaa polepole, ikijaa balbu inamweka mara moja, inaishiwa, inaanza kujaa tena.

Wapo wanaosema hiyo ni kero tu. Hatukubaliani nao. Anayepanda juu ya kiti kubadili balbu, akiamini kuwa amezima, anashika holda yenye laivu. Holda ya skrubu ni mbaya kuliko ya pini, maana laivu ikiangukia upande wa skrubu, vidole vinaweza kuigusa wakati balbu bado haijatoka.

Mwanga hafifu unaweza kutokea pia hata kama swichi imefungwa sawasawa. Waya unaorudi kutoka kwenye swichi kwenda kwenye taa ukilala ndani ya bomba moja na laivu kwa mita nyingi, unaokota umeme bila kugusana nao. Waya za kawaida za nyumbani zina uwezo wa kuhifadhi chaji wa takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Zikienda sambamba mita 10, kwa volti 230 na hezi 50, zinapitisha karibu miliampea 0.07. Ni kidogo mno, ila balbu nyepesi itamweka. Nyumba za ghorofa zinasumbuliwa zaidi, kwa sababu swichi za ngazi, za kuwashia chini na kuzimia juu, zina waya ndefu zinazotembea pamoja. Halafu kuna swichi zenye kitaa kidogo cha kukuonyesha zilipo gizani. Kitaa hicho hupata umeme wake kwa kupitia kwenye balbu yenyewe, kati ya nusu miliampea na miliampea moja. Hapo fundi hana kosa.

Utajuaje ni kipi kati ya hivyo? Testa ya bisibisi, ambayo kila mtu anayo, hapa inadanganya. Inawaka kwa laivu kamili na inawaka pia kwa umeme wa kuokotwa. Tumia mita ya kupimia umeme (multimita). Balbu imetolewa, swichi ya ukutani imezimwa, breka ya taa imewashwa. Weka mita kwenye volti za AC, kiwango cha 600 au 750, upime kati ya kila pini ya holda na ethi. Pini mojawapo ikitoa 230 kamili, swichi inakata nyutro. Ikitoa 30, 60 au 100, tena zinayumbayumba, huo ni umeme wa kuokotwa. Kuhakikisha, fungia globu ya waya ya wati 25 au 40 pale pale: kama ni wa kuokotwa, volti zitaanguka karibu na sifuri. Kwa kuwa holda inapimwa ikiwa na umeme, asiyezoea kazi hii amwachie fundi.

Kama taa zote za nyumba zina tabia hiyo, usihangaike na swichi moja moja. Huenda laivu na nyutro zimebadilishana tangu kwenye DB (boksi la breka) au kabla yake. Hilo ni zito zaidi, kwa sababu breka zenye nguzo moja, zinazokata waya mmoja tu, zitakuwa zinakata nyutro: breka imeruka, watu wametulia, waya bado una laivu. Soketi zitakuambia. Ukiitazama soketi yetu ya matundu matatu, ethi iko juu, laivu ni tundu la chini kulia. Ipo plagi ya kupimia yenye taa tatu, ichomeke usome. Habari ya kufungua kifuniko cha soketi kwa kijiti na kuingiza bisibisi tuiache, imeshaumiza watu. Kosa likiwa upande wa mita ya Luku, ambayo ina sili, mwenye haki ya kuigusa ni TANESCO.

Marekebisho yanafuata chanzo. Swichi inayokata nyutro inarekebishwa kwa kuzima meni swichi, kupima kwamba waya hazina umeme, kufungua maungio na kurudisha laivu kwenye swichi. Ni kazi ndogo kama maungio yanafikika. Yakiwa yamefunikwa na jipsamu, hapo ndipo gharama inapoanzia.

Kwa umeme wa kuokotwa na swichi zenye kitaa, dawa ni kapasita ya mikrofaradi 0.1 iliyoandikwa X2 (alama ya kapasita za kukaa kwenye umeme wa nyumba) na volti 275 AC, ikifuatana na rizista (kizuizi cha umeme) ya ohm 100, vyote viwili vikifungwa sambamba na balbu ndani ya silingi rozi, kile kikombe cha maungio ya taa kwenye siling. Umeme mdogo unapita kwenye kapasita, na volti zinazoifikia balbu zinabaki chini ya 40, hazitoshi kuiamsha. Swichi moja ikiwasha taa nne, kapasita moja inatosha. Tumeona mafundi wakiifunga kwenye swichi badala ya kwenye taa. Matokeo yake ni kinyume, inapitisha karibu miliampea 7 na balbu inawaka usiku kucha. Wengine wanaokoteza kapasita ya feni au ya redio mbovu. Isiyo ya X2 haikutengenezwa kukaa kwenye umeme wa nyumba saa 24. Ikifa inaweza kushika moto, na imefungiwa juu ya siling bodi ambako hakuna anayeiona.

Wanaohofia Luku watulie. Hata miliampea moja nzima kwa volti 230 haizidi wati 0.23. Kwa mwezi mzima haifiki hata robo ya uniti. Uniti zikiisha haraka, tazameni friji, pasi na hita ya maji.

Tofautisheni hayo yote na taa inayowaka mvua ikinyesha na kuacha jua likitoka. Huo ni unyevu, na masika ndiyo msimu wake. Maji yameingia kwenye boksi la swichi ya ukuta wa nje, au yametuama ndani ya bomba. Maeneo yanayopigwa na upepo wa bahari, kama Msasani, Mbezi Beach na Kigamboni, yana chumvi inayojenga kutu ya kijani kwenye vichwa vya shaba, na chumvi ikilowa inapitisha umeme. Kama nyumba ina kikata umeme cha kuvuja (kifaa kinachozima umeme ukianza kuvuja) cha miliampea 30 na kinaruka wakati wa mvua, kinafanya kazi yake, wala asije mtu akakiruka kwa waya. Hapa kapasita ni marufuku, itaficha uvujaji huku ukuta ukiendelea kuwa na umeme. Fungua, kausha, badilisha swichi kwa ile ya nje yenye mpira wa kuzuia maji, na tundu la bomba lipigwe silikoni.

Balbu za kuchaji, zile zinazoendelea kuwaka umeme ukikatika, zina mambo yake. Ndani mna betri ndogo ya lithiamu na sakiti inayotakiwa kujua kama umeme umekatika au ni mtu tu kazima swichi. Inarusha volti chache za betri kwenye waya na kupima kama kuna njia ya kuzunguka na kurudi. Umeme ukikatika huku swichi imewashwa, njia ipo, kupitia friji, tivii au transfoma ya mtaani, basi balbu inawaka. Swichi ikizimwa, njia imekatika, balbu inazima. Ndiyo maana balbu hiyo inawaka ukiishika kitako kwa mkono uliolowa: vidole vyako vimekuwa njia. Ndiyo maana pia inaweza kuwaka ikiwa ndani ya droo pamoja na misumari. Na ukifunga mbili kwenye swichi moja, ukizima kila moja inaiona mwenzake kama njia, zote zinabaki zinawaka mpaka betri ziishe. Wauzaji wachache sana humwambia mteja hilo. Swichi moja, balbu moja ya kuchaji. Unyevu kwenye swichi nao unatosha kuidanganya.

Sebule kuwaka saa nane usiku, mara nyingi ni rimoti. Taa za siling zenye rimoti na balbu za waifai huzimwa kwa kidole huku swichi ya ukutani ikibaki imewashwa. Umeme ukikatika na kurudi, nyingi zimetengenezwa zianze kwa kuwaka. Kwenye programu ya balbu ya waifai tafuta mpangilio wa hali ya taa umeme unaporudi, chagua ibaki ilivyokuwa au izime. Taa ya rimoti isiyo na mpangilio huo, izimeni ukutani kabla ya kulala. Taa za rangi tatu zinabadili rangi kwa sababu hiyohiyo, kukatika kwa sekunde moja zinakuhesabu kuzima na kuwasha. Feni zenye taa na rimoti zinaweza pia kuitikia rimoti ya jirani. Zile zenye vijiswichi vinne vidogo ndani zina namba za siri 16 tu, na kiwandani nyingi hutoka na namba moja. Badili vijiswichi kwenye rimoti na kwenye kipokezi vifanane.

Taa za nje za kuhisi mwendo zinatazama joto linalotembea. Paka, bodaboda iliyotoka safari, hewa ya moto ya kiyoyozi, hata utando wa buibui mbele ya jicho, vyote vinaiwasha. Ifunge mita 2 hadi 2.5 kutoka chini, jicho liiname, lisielekee barabarani. Umeme ukirudi huwaka kwa muda mfupi ikijipanga. Ya fotoseli, inayojiwasha giza likiingia, ikiwaka mchana wa jua kali, futa vumbi kwanza. Ikiendelea, imekufa, badilisha.

Dalili moja haisubiri asubuhi: taa zinang'aa kupita kiasi chumba kimoja huku kingine zikififia, hasa pasi au birika la umeme likiwashwa. Hiyo ni nyutro iliyolegea au kukatika. Penye laini ya fezi tatu (laivu tatu), volti zinaweza kupanda kuelekea 400 na kuchoma kila kilichochomekwa. Zima meni swichi kwanza, ndipo upige simu TANESCO.

Ombi letu ni kwa wanaojenga na wanaokarabati, wenye nyumba za kupangisha wakiwemo. Tafuteni fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Kabla ya kumpa pesa ya mwisho, mwambieni azime kila swichi na kupima kila holda kwa mita mbele yenu, apime kila soketi kwa plagi ya taa tatu, na abonyeze kitufe cha majaribio cha kikata umeme cha kuvuja. Fundi aliyefunga vizuri hatachukia. Na kabla jipsamu haijapigwa, pigeni picha za maungio yote juu ya siling, picha zibaki kwa mwenye nyumba, zisiachwe kwa fundi.

Mafundi umeme wa majumbani,
Tabata, Dar es Salaam