Konokono Wako na Mvua ya Mgeni

Mwanangu mpendwa,

Jana usiku ulipoifunga kompyuta kwa kishindo ukasema unafuta kila kitu, nilikujibu vibaya. Nilisema, "Achana nayo, ni katuni tu." Neno hilo limenikwama kooni mpaka alfajiri hii. Haikuwa katuni tu. Hadithi ile fupi ya konokono anayetembea mvuani, uliyoitengeneza kwenye Scratch, tovuti ambapo watoto hutengeneza katuni na michezo kwa kuunganisha vipande vya maagizo, zilikuwa wiki zako tatu, na nilizishuhudia kwa macho yangu. Nakuandikia kwa sababu nikisema kwa mdomo huwa nakimbilia kukubembeleza, na jana hukuhitaji kubembelezwa. Ulihitaji mtu akuelewe.

Nakumbuka siku ya sauti ya tone. Ungeweza kuchukua sauti ya mvua iliyokwisha kurekodiwa, zipo tele. Ukakataa. Ulisema mvua ile inasikika kama anayeisikiliza yuko ndani ya nyumba, na konokono wako yuko nje. Ukageuza ndoo, ukalowesha kitambaa, ukatuamuru sote tunyamaze, ukaanza kukikamua tone moja moja juu ya kitako cha ndoo huku simu ikirekodi. Mara ya kwanza mlango ulilia. Mara ya nne mdogo wako alikohoa. Mara ya kumi na moja ukasema, "Hii." Kisha ukanionyesha kwenye skrini ule mchoro wa sauti: mstari mrefu uliolala, halafu mwiba mmoja uliosimama. Ukaukata mstari wote uliotangulia mwiba, ukanieleza kwamba usipoukata, tone litagusa ardhi kwanza na mlio wake utachelewa, na mtazamaji atahisi kuna kitu hakiko sawa asijue ni nini. Una miaka 12. Mimi nimeishi miaka yote hii bila kujua kwamba ukimya wa robo sekunde unaweza kuharibu mvua nzima.

Kwa hiyo ulipokuta mtu usiyemjua amemchukua konokono yule, na mvua, na tone la ndoo yetu, akageuza mwisho wa hadithi na kuiweka kwa jina lake, najua kilichokuchoma. Kwako konokono anafika kwenye jiwe, anajikunyata ndani ya gamba, mvua inaendelea, basi. Kwake, konokono mwingine anachomoza nyuma ya jiwe. Ulisema, "Ameharibu. Wangu yuko peke yake, ndiyo hadithi yenyewe." Nakubaliana nawe. Nilipoitazama ya kwako kwa mara ya kwanza, kilichonigusa ni ule upweke.

Ulipolala niliifungua rimiksi hiyo, yaani kazi yako kama alivyoibadilisha yeye. Mara mbili za mwanzo niliitazama kwa hasira yako, nikaona kasoro tupu: konokono wa pili amechorwa harakaharaka, rangi ya gamba lake haiendani na jiwe. Mara ya tatu ndipo nilipogundua jambo. Mvua haikukatika.

Unaikumbuka shida ya mvua yako. Ilikuwa inanyesha vizuri, ikifika kama sekunde ya 30 inakauka ghafla, konokono akiwa bado nusu ya njia. Ulihangaika nayo siku mbili. Nami nilihangaika nayo pembeni yako bila msaada wowote wa maana. Mwishowe ukamwongezea konokono mwendo ili afike kabla mvua haijakatika, na ukabaki unanung'unika kwamba sasa anakimbia, na konokono hakimbii.

Nikabonyeza kitufe cha kuangalia ndani, kama ulivyonifundisha, nikaweka kazi yako na yake bega kwa bega, nikasoma maagizo kipande kwa kipande. Ilinichukua karibu saa nzima. Mvua yako ni tone moja linalojizalia nakala, nakala mpya kila baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, na kila nakala inaanguka mpaka chini. Ikifika chini haiondoki, inajificha tu. Sasa, Scratch inaruhusu nakala 300 kwa wakati mmoja katika kazi moja. Zikishafika hizo, haitengenezi nyingine. Piga hesabu mwenyewe: nakala 10 kila sekunde, kwa sekunde 30. Matone yako yote yalikuwa yamelala chini ya jukwaa, hayaonekani, yamejaza nafasi yote, na huko juu hakuna jipya lililoweza kuzaliwa. Mgeni wako ameongeza kipande kimoja mwishoni mwa maagizo ya tone: likifika chini, nakala hiyo ifutwe. Kimoja tu. Kisha akamrudishia konokono mwendo wake wa polepole.

Nataka ulione hilo kabla hujafuta chochote. Mtu huyu alikaa na kazi yako kwa muda mrefu hadi akatambua kwamba konokono alikuwa anaharakishwa, akatafuta anaharakishwa kwa nini, akaiona sababu ambayo wewe na mimi hatukuiona. Mtu hasomi hivyo kazi asiyoipenda.

Lakini hakukuandikia neno hata moja, na hapo niko upande wako kabisa. Chini ya jina la kazi yake kuna mstari unaokutaja. Jana nilikuonyesha mstari huo nikidhani nimemaliza kesi, nawe ukanijibu, "Hiyo ni mashine, si yeye." Hukujua kwamba umegusa jambo ambalo watu wazima walikaa wakalifanyia utafiti. Scratch ilitolewa kwa umma mwaka 2007 na kundi la Mitchel Resnick pale MIT, chuo kikuu cha Marekani, na kila kazi iliyowekwa hadharani mtu mwingine aliweza kuifungua na kuibadilisha. Watoto wakaanza kulalamika kwamba wanaibiwa. Ukawekwa utaratibu wa mfumo wenyewe kumtaja mwenye kazi ya awali papo hapo. Malalamiko hayakwisha. Mwaka 2011 Andrés Monroy-Hernández, aliyeijenga jumuiya hiyo ya mtandaoni, alichapisha na wenzake utafiti kuhusu suala hilo, na walichokuta ndicho ulichokisema jana ukiwa na machozi: kutajwa na mfumo hakukuwa na uzito wa kushukuriwa na mtu aliyetulia akaandika kwa hiari yake. Kwa hiyo ukiumia kwa kukosa "asante", huna kiburi wala wivu. Unadai kitu cha kweli.

Sasa naomba univumilie katika jambo ambalo halitakufurahisha. Ule mwendo wa konokono wako, wa kujikunja kidogo kisha kujinyoosha, ulitoka wapi? Mimi nakumbuka. Ulikuwa umekwama, konokono anateleza kama sahani juu ya meza. Ukafungua kazi ya mtu yenye kiwavi, ukaona kwamba kiwavi yule ni michoro kadhaa ya mwili mmoja inayopokezana, mfupi, mrefu kidogo, mrefu zaidi, na kwamba anasogea mbele pale tu anaponyooka. Ukayavuta maagizo yake ukayatia kwenye mkoba wako wa mle ndani ya Scratch, ule wa kubebea maagizo kutoka kazi moja hadi nyingine, ukampa konokono, ukambadilishia michoro. Usiku ule ulirukaruka hadi nikaja kuuliza kuna nini. Leo nimeangalia mahali unapoandika maelezo ya kazi yako. Umeandika, "Nimetengeneza yote mwenyewe." Mwenye kiwavi hayumo. Na kwa kuwa ulichukua kwa mkoba, hukufanya rimiksi ya kazi yake, hata ile mashine unayoidharau haikumtaja.

Sikuandikii haya ili nikunyamazishe. Madai yako kwa mgeni yanabaki palepale. Najua hukukusudia, ulijawa na furaha ukasahau. Ninachoona ni kwamba katika hadithi hii kuna watu watatu, si wawili, na wewe umesimama katikati: wa mbele yako hajui kwamba kiwavi wake sasa anatembea akiwa konokono, na wa nyuma yako hajui kwamba tone alilolitunza lilitoka kwenye kitambaa na ndoo.

Kuna kosa langu pia. Siku ulipojiunga, masharti niliyasoma mbiombio nikabonyeza kukubali, na sikukueleza. Kila kazi unayoiweka hadharani pale inakuwa chini ya leseni ya Creative Commons, ile inayomruhusu yeyote kuichukua na kuibadilisha ilmradi akutaje na kazi atakayoitoa aiache wazi kwa masharti hayohayo. Maana yake, mgeni alikuwa na haki ya kumgusa konokono. Maana yake pia kipande chake cha kufuta matone unaruhusiwa kukichukua leo hii, ukimtaja. Na kama ipo kazi ambayo hutaki mkono wa mtu uiguse, usiiweke hadharani. Ibaki kwenye akaunti yako, tuitazame sisi wa nyumbani, na hakuna atakayekuita mchoyo. (Ndiyo sababu nilikataa ule wimbo uliotaka kuuweka nyuma ya konokono. Aliyeuimba hakuutoa kwa masharti haya, na kuupenda sana hakutupi ruhusa.)

Hata jina la Scratch linatoka kwa madijei, kwenye ule ufundi wao wa kukwaruza santuri mbele na nyuma wakautoa muziki wa mtu ukiwa kitu kipya. Waliolichagua walijua wanachokitaka. Resnick alifanya kazi na Seymour Papert, mmoja wa waliobuni Logo mwaka 1967, lugha ya kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, na Papert alishikilia kwamba mtu hujifunza vizuri zaidi anapotengeneza kitu cha kuwaonyesha wengine. Zamani nilidhani huko kuonyesha ni kwa ajili ya sifa. Baada ya kuwatazama konokono hawa wawili usiku kucha, siamini hivyo tena. Uliponionyesha mimi, nilikusifu, na mvua ikaendelea kukatika. Nilikupenda lakini sikuweza kukusaidia. Ilibidi kazi itoke nje ya nyumba, ifike kwa mtu asiyekujua, asiye na sababu ya kukupendeza, anayejua jambo dogo moja ambalo humu ndani hakuna aliyelijua.

Hicho ndicho ninachoogopa ukipoteze kwa hasira ya usiku mmoja. Ukifuta, utakuwa umefuta ya kwako tu. Rimiksi yake itabaki, na konokono mwenye upweke, yule wa kweli, ndiye atakayekuwa hayupo. Watu watamjua yule wa furaha peke yake. Nafikiri hadithi zote mbili zinafaa kukaa pale, na atakayekuja achague mwenyewe.

Mwandikie. Usiandike ukiwa umevimba. Mwambie umeona alivyoitengeneza mvua, mwambie ile sauti uliirekodi mwenyewe na jinsi ulivyoirekodi, halafu mwambie waziwazi kwamba ungependa akutaje kwa maneno yake. Muulize kwa nini alimleta konokono wa pili. Nina hamu kuliko wewe ya kujua jibu lake. Jina lako la kweli, shule, mahali tunapokaa, hayo yasiingie, kama tulivyokubaliana. Asipojibu, utakuwa umesema lako. Akijibu vibaya, niite, tutalishughulikia wote.

Na kabla ya huyo, mwandikie mwenye kiwavi. Hilo sikulazimishi, ila nitafurahi sana ukianza na yeye.

Kuhusu mvua, jaribu kuitengeneza upya bila kunakili kipande chake. Umeshajua tatizo liko wapi, na nadhani unaweza kulifikia kwa njia yako. Labda matone hayahitaji kufutwa. Labda yaleyale machache yanaweza kurudi juu na kuanguka tena, na hapo hutahitaji nakala 300. Sijui kama wazo langu linafaa, wewe ndiye fundi. Ukimaliza, mrudishie konokono mwendo wake. Tangu ulipomharakisha nimekuwa nikimhurumia.

Juzi ulisema tone linasikika jembamba na ungependa kulirekodi tena maji yakiwa mengi kidogo kwenye kitambaa. Ndoo sijaiondoa. Nimeiacha imegeuzwa palepale ulipoiweka, kitambaa kiko juu yake, na jioni hii mdogo wako nitatoka naye mapema ili upate ukimya wako.

Nakupenda sana.

Mama yako